Binti wa Nani? Wanawake wa Kiarabu na Majina Waliyotia Magazetini

(Mazungumzo kwa wanafunzi wa uandishi wa habari, Unguja. Nimeyaandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, na niliyoyasema bila karatasi nimeyarudisha kadiri nilivyoyakumbuka.)

Waheshimiwa walimu, wanangu wanafunzi, assalaam alaykum. Na nyinyi wa viti vya nyuma hamjambo? Sogeeni mbele, mie sing'ati.

Aliyenialika alinitumia ujumbe kwamba nizungumzie waandishi wanawake wa Kiarabu na utambulisho magazetini. Nikamwuliza, utambulisho ndiyo nini? Akacheka. Sikumwuliza kwa kejeli. Mie nimekula chumvi nyingi katika chumba cha habari, kazi yangu ilikuwa kusoma makala za wenzangu kabla hazijaenda mtamboni, na mtu aliyezoea kazi ile akiulizwa mwandishi ni nani haangalii mbali. Anaangalia pale chini ya kichwa cha habari, palipoandikwa "Na Fulani bin Fulani". Basi mazungumzo yangu ya leo ni ya mstari ule mmoja. Yanayobaki mtayasoma wenyewe.

Makala yangu ya kwanza ilitoka miaka ya 1980, katika gazeti ambalo sitalitaja. Niliandika habari za foleni ya maji mtaani kwetu, nani huwahi alfajiri na nani huweka ndoo ya mwenzake. Nilipolifungua gazeti nikakuta "Na Mwandishi Wetu". Jioni baba alikuwa barazani na wenzake, kahawa inapita, akaisoma makala ile kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Mie niko nyuma ya mlango na sahani ya kashata mkononi. Alipomaliza akakunja gazeti akasema, "Huyu bwana anaijua kalamu."

Siku ya pili nikamwendea mhariri. Hakukasirika. Aliniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, nimekusitiri."

Nimekaa na neno hilo miaka yote. Kunisitiri na nini? Foleni ya maji haina aibu. Aliyekuwa akisitiriwa ni baba yangu, maana jina langu kamili ni jina langu na lake, na la babu yangu nyuma yake. Ukiliandika gazetini umewatoa wanaume wawili sokoni bila kuwauliza.

Hapo ndipo lilipo fundo, na wanawake wa Kiarabu walikuwa nalo karibu karne moja kabla yangu. Kwa Waarabu, kama kwetu hapa pwani, mwanamke huulizwa kwanza: binti wa nani? Fatma bint Salim, Asha biti Juma, jina lake ni nusu tu, nusu nyingine ni ya mzee wake. Kwa hiyo alipotaka kuandika gazetini alikuwa na njia tatu. Atie jina kamili, azue gumzo barazani. Asitie jina, asifiwe "bwana". Au ajizae upya, achague mwenyewe atakuwa binti wa nani.

Hebu kwanza tuangalie maneno yetu wenyewe. Habari, makala, mhariri, jarida, sahifa, lakabu: asubuhi tukiingia kazini tunazungumza Kiarabu bila kujijua. Na jina analoandika mtu kwa mkono wake tunaliita sahihi, neno ambalo kwa Waarabu maana yake ni kitu cha kweli, kisicho na kasoro. Wao wenyewe hawalitumii kwa maana ya jina la mkono. Ni sisi Waswahili tulioamua kwamba jina la mtu ndio ukweli wake. Nafikiri tulipatia.

Sasa twende Iskandaria. Tarehe 20 Novemba 1892 msichana wa Kikristo mwenye asili ya Tripoli, ile Tripoli ya Sham ambayo leo iko Lebanon, alitoa jarida liitwalo al-Fatat, yaani Msichana. Jina lake Hind Nawfal. Lilikuwa jarida la kwanza la Kiarabu kumilikiwa na mwanamke kwa ajili ya wanawake. Aliahidi tangu mwanzo kwamba hatagusa siasa wala mabishano ya dini. Lakini hofu kubwa aliyokuwa akipambana nayo haikuwa siasa. Aliwaambia wasomaji wake wasidhani kwamba mwanamke akiandika jaridani stara yake imepungua au mwenendo wake umeingia doa. Alikuwa akimjibu mhariri wangu, miaka 90 kabla hajanisitiri.

Jarida lile liliishi mpaka 1894, Hind alipoolewa, likafungwa. Lakini mlango ulikwishafunguka. Kufikia 1919 Misri ilikuwa imeona karibu majarida 30 ya wanawake. Na biashara ilipochanganya, wanaume nao wakaingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1896 Cairo lilitoka jarida liitwalo Kioo cha Mrembo, mhariri wake Bibi Maryam Mazhar. Bibi huyo hakuwapo. Alikuwa Salim Sarkis, mwandishi wa Kilebanoni mwenye masharubu yake. Ndiyo, chekeni. Wanawake wanajificha ili waandike, na mwanamume anavaa jina la kike ili auze. Kila kizazi kina akina Sarkis wake, na siku hizi hawahitaji hata mtambo wa kuchapia.

Ninayetaka kukaa naye zaidi ni Malak Hifni Nasif.

Malak alizaliwa Cairo 1886. Ushikeni mwaka huo. Baba yake alikuwa msomi na mwanasheria wa kundi la Sheikh Muhammad Abduh, yule mwanamageuzi wa dini, akampeleka bintiye shule ya serikali, akatoka mwalimu, miongoni mwa wasichana wa kwanza wa Kimisri kufika hapo. Mwaka 1907 aliolewa na Abd al-Sattar al-Basil, mkubwa wa kabila la Mabedui huko Fayyum, pembezoni mwa jangwa. Alipofika kwa mume ndipo akakuta mke mwingine yupo, na mtoto wa kike yupo, na yeye mwalimu anatarajiwa amsomeshe mtoto yule. Kwa watu wake aliyaficha. Angesema nini? Yeye ndiye aliyekuwa mfano, kila mtu akimnyooshea kidole kwamba tazameni faida ya kumsomesha mtoto wa kike.

Cairo mwaka huohuo kulianza gazeti liitwalo al-Jarida. Kwetu jarida ni kitu cha wiki au cha mwezi; kwao lile lilikuwa gazeti hasa, la wanasiasa wa chama cha Umma, mhariri wake Ahmad Lutfi al-Sayyid. Gazeti la wanaume wenye tarbushi wakijadili Waingereza na katiba. Katikati ya hayo ikaanza kutoka safu iitwayo Nisa'iyyat. Mnaojua sura ya nne ya Qur'ani mmekwishaelewa: mambo ya wanawake. Na chini yake jina: Bahithat al-Badiya. Mtafiti wa Jangwani.

Litazameni jina hilo. Angeweza kujiita Ua la Nile au Lulu Iliyofichika, majina ya aina hiyo yalikuwapo tele. Yeye akachagua mahali alipokuwa amekwama. Jangwa ndilo lililomtenga na Cairo, jangwa ndilo la mume na mke mwenzake, naye akalishika akalifanya ofisi yake. Na mbele yake akaweka neno la kazi, mtafiti. Hakusema binti wala mke wala mama wa fulani. Ametueleza yuko wapi na anafanya nini hapo. Mimi hilo ndilo ninaloliita utambulisho, na limo ndani ya maneno mawili.

Wako wanaosema lakabu ni woga. Sikatai, woga ulikuwapo. Lakini angalieni jambo moja la ajabu: kwa washairi wetu wa kiume wa magazetini lakabu ni mbwembwe, mtu anajiita simba au dhoruba na hakuna anayemhurumia kwamba anajificha. Mwanamke akifanya hivyohivyo tunasema maskini, amejifunika. Tena Malak hakuwa siri ya muda mrefu. Mwaka 1909 alisimama katika klabu ya chama kile kile akawahutubia wanawake ana kwa ana, na mwaka 1910 makala zake zikakusanywa kitabu. Watu walimjua. Akaendelea kuitwa Mtafiti wa Jangwani, kwa sababu lilikuwa jina lake, si pazia.

Mnataka kujua aliandika nini? Aliandika juu ya ndoa ya mitala. Alisema hilo neno lenyewe la mke mwenza ni zito, kalamu karibu imgomee kuliandika. Kwa Kiarabu mke mwenza ni dharra. Wanangu, hapo tusipite haraka. Neno hilo ni la mzizi uleule uliotupa sisi dhara na madhara. Sisi kwa Kiswahili tumesema "mwenza", kana kwamba ni mtu wa kusaidiana naye kuchota maji. Kiarabu hakikupepesa macho. Na msomaji wa Cairo anayeyasoma maneno yale hajui kwamba mwandishi anaandika akiwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, sauti ya mke mwingine anaisikia uani. Malak hakuandika "mimi". Aliandika hoja. Jina la jangwani ndilo lililobeba "mimi" yote.

Kuhusu ushungi aliwachanganya wote. Wakati ule kulikuwa na wanaume wa kisasa waliokuwa wakihimiza wanawake wajifunue, na wanaume wa kale waliokuwa wakipiga marufuku. Hoja yake, kwa maneno yangu mimi: jana mlituamuru tujifunike tukajifunika, leo mnatuamuru tujifunue, je, hamchoki kuamuru? Tusomesheni kwanza, mengine tutaamua wenyewe. Kwa hiyo wahafidhina hawakumpenda na wanamageuzi hawakumpenda, na kwa mwandishi wa safu jambo hilo mara nyingi ni dalili njema.

Mwaka 1911 wanaume wa Misri walifanya kongamano huko Heliopolis kujadili mambo ya taifa. Malak akapeleka madai ya wanawake: elimu, mafunzo ya utabibu, ruhusa ya kuingia misikitini kama wanawake wa zama za Mtume walivyoingia. Madai yalikuwa kumi. Mwanamume ndiye aliyesimama akayasoma. Hayakupita. Malak alikufa 1918 kwa lile homa kubwa lililozunguka dunia, hajatimiza miaka 32.

Nimesema mshike 1886. Mwaka huo huo alizaliwa Mayy Ziyada, nitamfikia. Mwaka huo huo alizaliwa Nabawiyya Musa, msichana wa kwanza wa Kimisri kufanya mtihani wa sekondari, 1907, ambaye baadaye naye alitoa jarida lake. Na mwaka huo huo, mjini Berlin, mwanamke wa Kiarabu aliyezaliwa hapa hapa Unguja, katika jumba la Mtoni, alichapisha kumbukumbu zake. Sayyida Salme binti Said. Hakuandika gazetini wala hakuandika kwa Kiarabu, kwa hiyo si wa mada yangu, ila nataka muone alivyotia jina: Emily Ruete, aliyezaliwa binti wa mfalme wa Oman na Zanzibar. Jina la ndoa mbele, na nyuma yake mahali pawili, kisiwa na nchi. Baba hakutajwa kwa jina. Zimetajwa nchi zake.

Mkishaona hilo mara moja mtaliona kila mahali. Bint al-Shati', Binti wa Ufukweni. Bint al-Nil, Binti wa Nile. Bint al-Jazira, Binti wa Rasi ya Uarabuni. Neno "bint" limebaki, heshima ya jamii haikuvunjwa, lakini baada yake, pale palipokuwa pa baba, pamekaa mto, ufukwe, nchi. Sidhani kama walikaa kikao wakakubaliana. Lakini kalamu zao zilifika pamoja.

Wa Ufukweni mtakuwa mnamjua wenye kusoma vitabu vya dini. Jina lake Aisha Abd al-Rahman, alizaliwa 1913 Dumyat, pale tawi la Nile linapoingia bahari. Baba yake alikuwa mwalimu wa dini aliyeona kwamba shule ya mitaani si mahali pa binti yake. Mama ndiye aliyepigania. Alipoanza kuandika akiwa kijana hakutaka jina la mzee likutwe gazetini, akachukua ufukwe aliochezea utotoni. Katikati ya miaka ya 1930 akaingia al-Ahram, gazeti kubwa kuliko yote Misri, na aliandika nini? Wakulima. Madeni yao, matope yao, jinsi dola inavyowakumbuka wakati wa kodi tu. Binti wa sheikh, jina la ufukweni, ukurasa wa wakulima. Baadaye akawa profesa, akafasiri Qur'ani kwa njia ya lugha, akafundisha mpaka Moroko, na al-Ahram hakuiacha hadi uzeeni. Alifariki 1998. Hata alipokuwa hana tena wa kumficha jina, vitabu vyake viliendelea kubeba lile la ufukweni.

Naungama kitu hapa. Baada ya yule mhariri wangu kunisitiri, nilimwomba anipe angalau lakabu. Akasema chagua. Kwetu ni Mtoni, nikaandika "Biti Mtoni". Nilikuwa sijawahi kumsikia Bint al-Shati'. Nilipokuja kumsoma miaka kumi baadaye, nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Msidhani wote walikwenda njia hiyo. Fatima al-Yusuf alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na mwigizaji alikuwa chini kabisa katika mizani ya heshima. Oktoba 1925 akaanzisha jarida la sanaa Cairo, akalipa jina lake la jukwaani: Rose al-Yusuf. Hakusema Binti wa chochote. Kila mchuuzi wa magazeti akipita mtaani alilazimika kulipiga kelele jina la mwanamke. Jarida likageuka la siasa na vikaragosi, likanyang'anywa, likafungwa, likafunguliwa, na mpaka leo lipo. Wamisri wengi vijana wanalitaja kila siku bila kukumbuka kwamba lilikuwa jina la mtu.

Na Binti wa Nile ni Duriyya Shafiq, daktari wa falsafa kutoka Sorbonne, chuo kikuu cha Paris. Jarida lake la jina hilo lilianza 1945. Februari 1951 aliongoza wanawake wapatao 1,500 wakaingia bungeni Cairo kudai kura. Machi 1954 alifanya mgomo wa kula, na mahali alipochagua kuufanyia, sikilizeni wanahabari, ni jengo la chama cha waandishi wa habari. Kura ilipatikana katika katiba ya 1956. Mwaka uliofuata alimpinga Rais Nasser wa Misri hadharani, akafungiwa nyumbani kwake, jarida likazimwa, na jina lake likapigwa marufuku magazetini. Wengine walihangaika watie jina lipi. Huyu alitia la kwake, na serikali ikaona adhabu kali ni kulifuta. Aliishi hivyo miaka 18 mpaka alipoanguka kutoka roshani ya nyumba yake mwaka 1975. Siku mbili tatu hizo jina likarudi magazetini.

Wa Rasi ya Uarabuni nampitia haraka. Samira Khashoggi, Msaudia, alianza kuchapisha riwaya mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa jina la Samira Binti wa Rasi ya Uarabuni, baadaye akawa na jarida lake, al-Sharqiyya. Mkimtafuta leo mtaambiwa kwanza ni dada wa Adnan, tajiri wa silaha, kisha mama wa Dodi, yule aliyekufa na Diana. Kazi aliyoifanya kujitoa kwenye majina ya jamaa zake, dunia imeirudisha nyuma yote. Na safari ya Wasaudia magazetini ilikuwa ndefu: mwanamke wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa gazeti la kila siku huko, Somayya Jabarti wa Saudi Gazette, alipata kiti hicho 2014.

Amebaki Mayy. Alizaliwa Nazareti, jina la ubatizo Marie. Inasemwa alichukua herufi ya kwanza na ya mwisho ya jina lile kwa Kiarabu, akapata Mayy. Baba yake alikuwa na gazeti Cairo, al-Mahrusa, kwa hiyo huyu hakuwa na wa kumficha. Aliandika huko, akaandika majarida ya al-Hilal na al-Muqtataf, na lile gazeti la al-Ahram, na kila Jumanne wakubwa wote wa fasihi ya Kiarabu walikaa sebuleni kwake. Yeye na Malak walikuwa wakiandikiana barua za wazi magazetini, mmoja Mkristo wa mjini, mwingine Mwislamu wa jangwani, na Malak alipokufa ni Mayy aliyeandika kitabu kizima juu yake, 1920.

Kisha wazazi wa Mayy wakafa, akabaki peke yake. Ndugu wa ukoo wakamchukua Lebanon, na mwaka 1936 akajikuta katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Asfuriyya. Mwanamke aliyekuwa na jina kuliko wote sasa alikuwa na jina moja tu, mwendawazimu, na mali yake iko mikononi mwa watu. Magazeti ya Beirut ndiyo yaliyopiga kelele mpaka akatolewa. Lakini kutoka hospitali hakukutosha, ilibidi watu waone kwamba akili ipo. Kwa hiyo Machi 1938 alipanda jukwaani katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut akatoa hotuba juu ya wajibu wa mwandishi katika maisha ya Waarabu. Ukumbi umejaa, wengine wamekuja kusikiliza fasihi, wengine kuangalia kama atababaika. Hakubabaika. Alirudi Cairo, akafa 1941.

Kila nikipewa jukwaa namkumbuka yule mama amesimama mbele ya watu wanaompima kila sentensi.

Haya, saa yangu inanionyesha nimekula muda wa chai. Maswali nayapokea. Kipaza sauti kiko kwa dada wa safu ya pili hapo. Uliza, mwanangu, ila kwanza tuambie jina lako, lile unalotaka liandikwe.